Njoo Jumamosi

Nilikuwa na jibu moja kwa kila mtoto aliyenyoosha mkono na kusema hajaelewa: njoo Jumamosi. Nililisema kwa upole, kama mtu anayetoa msaada. Darasa la saba walilizoea kiasi kwamba wengine waliacha kunyoosha mkono.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi ya serikali, chini kidogo ya Olmotonyi, na Jumamosi nilifundisha hisabati hiyohiyo sebuleni kwangu, kwenye nyumba ya kupanga iliyotazamana na mashine ya kusaga. Nilinunua ubao mweupe wa kuandikia kwa kalamu, maana mke wangu ana pumu na vumbi la chaki lingemmaliza. Tuisheni ya kulipisha ilikuwa imekatazwa, kwa hiyo hatukuitaja kwa jina. Nilikuwa najenga nyumba yangu mwenyewe huko Lemara. Kuta zilishasimama, na kila mvua iliyonyesha ilinyesha ndani ya vyumba vyangu visivyo na paa. Mwalimu mwenzangu aliniambia, huku akichovya andazi kwenye chai, "Kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake." Sikuhitaji kushawishiwa zaidi.

Ubaya haukuwa kufundisha Jumamosi. Ubaya ulikuwa Jumanne, darasani. Mada ngumu, asilimia, faida na hasara, riba, nilizipitia mbiombio: mfano mmoja, tena ule rahisi, halafu zoezi. Mifano mizuri niliiweka akiba. Nilijua kabisa mahali ambapo mtoto angekwama, na hapo ndipo nilipofuta ubao. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata mke wangu, ingawa nadhani anajua.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyekaa dawati la tatu upande wa dirisha, mrefu, sketi yake imeshushwa pindo mara mbili. Hakuwa na akili za kutisha. Alikuwa na kitu kinachomsumbua mwalimu zaidi: hakukubali kuandika jibu asilolielewa. Tulipofika kwenye riba akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo sijaelewa. Hiyo mia imetoka wapi?"

Ingenichukua dakika mbili. Nikamwambia, njoo Jumamosi.

Ijumaa jioni alikuja bibi yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea. Ameteremka kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani, mshare za kupika zilizokomaa vizuri, zile ambazo mtu hazipeleki sokoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kuingia ndani kwa sababu ya matope ya miguuni.

"Mwalimu, mtoto ameniambia umemwita Jumamosi," akasema. "Pesa sina. Nimeona nikuletee hizi, watoto wako wale."

Mgeni anaweza kudai hakuelewa. Mimi nimezaliwa mlimani hapahapa. Kwetu mtu hakuletei mkungu mlangoni kwa ajili ya salamu. Anakuja na neno lake, na ukiupokea kwa mikono miwili umelipokea na lile neno. Kama hutaki, unasema mapema, naye anaondoka na ndizi zake bila aibu kwa yeyote. Nilimwona baba yangu akikataa hata beberu kwa njia hiyo. Mimi nikaupokea kwa mikono miwili, nikasema asante bibi, Mungu akubariki. Mke wangu akapika mtori, tukala siku tatu.

Jumamosi msichana alifika kabla ya wote, sweta la shule limefuliwa, daftari jipya mkononi. Bahati yake mbaya, alifika pia mama wa mtoto mwingine, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alishaniahidi mabati kwa mkopo. Alimtazama msichana kuanzia viatu hadi kola, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyu naye analipa?"

Nikamgeukia msichana, nikasema, "Leo nafasi zimejaa. Mwambie bibi aje tuongee."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, akaondoka.

Bibi hakuja. Nilijituliza kwamba kama jambo lingekuwa na uzito kwake angekuja, na uongo huo ulinitosha wiki nzima. Jumamosi iliyofuata, nikiwa katikati ya riba, nilitupa jicho dirishani nikamwona yule msichana. Amekaa kwenye benchi la mashine ya kusaga, pale wanaposubiri wenye mahindi yao, daftari mapajani. Hakuwa na debe wala mfuko. Jumamosi ya pili yake alikuwepo tena, na ya tatu. Kutoka pale ubao wangu hauonekani. Nilipima kwa macho. Hata hivyo nikavuta pazia, nikawaambia watoto jua linawaumiza.

Darasani hakunyoosha mkono tena. Kwenye majaribio, swali la riba alikuwa akiliacha wazi, safi, bila hata kukisia. Niliweka alama ya kosa na kugeuza ukurasa.

Matokeo yalipotoka, watoto wote wa sebuleni kwangu walichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Wazazi walinipigia simu kunipongeza. Yule msichana hakuchaguliwa. Wakati huo nyumba ya Lemara ilikuwa imeshaezekwa, na sisi tulikuwa tunafunga vyombo tuhamie.

Bibi alinikuta nimeshika kamba, nafunga godoro. Safari hii mkungu aliubeba msichana, bibi ametangulia na fimbo. Nilimwamkia. Nilidhani amekuja kunilaani, na nakiri kwamba ningeshukuru.

"Usihuzunike, mwalimu," akasema. "Tumekuja kukuaga na kukushukuru. Wewe umefanya kazi yako. Kila Jumamosi nilikuwa naliangalia sweta lake, linarudi na chaki mabegani, nikasema kweli mtoto wangu anafundishwa. Ni kichwa chake tu kilichokataa. Atakaa na mimi, ng'ombe wanataka majani."

Sebuleni kwangu hapakuwahi kuwa na chaki. Ule ulikuwa unga wa mashine. Miezi yote ile alikaa kwenye benchi mpaka saa ya tuisheni iishe, kisha akapanda mlima na vumbi lake mabegani, na bibi alipomuuliza amejifunza nini, sijui alikuwa anajibu nini. Hakusema kwamba nilimfukuza. Alimwachia bibi yake aamini kwamba mjukuu ni mzito wa kichwa, kuliko aambiwe kwamba mwalimu alikula ndizi zake bure.

Nilimtazama msichana. Alikuwa anaangalia chini, anasubiri kuona kama nitasema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Bibi, kichwa chake hakina kosa, sikumfundisha. Nilikuwa nayo mdomoni, nayaonja hata leo.

"Asante, mwalimu," msichana akasema, akaninyooshea mkungu.

Nikaupokea kwa mikono miwili.