Mvua Iliyoyapita Majaruba

Kidawa hakulia vizuri siku ile, na majirani walimwona. Mwenzao kafiwa na mume, yeye kila mara anachungulia nje ya ua, anatazama kusini. "Huyu kafuata nini msibani?" walinong'onezana. Wangejua yaliyokuwa moyoni mwake, wangemwonea huruma.

Marehemu Nurdin alikuwa mvuna chumvi katika kijiji chao cha pwani, kati ya Kiranjeranje na Lindi. Alianguka alfajiri, akakata roho kabla hata ya kufikishwa zahanati. Majaruba yake aliyaacha yamejaa chumvi iliyokomaa, nyeupe pee, aliyokuwa amepanga kuikwangua asubuhi hiyohiyo. Mkewe Salima sasa alikuwa anaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, na chumvi ile ndiyo ingekuwa unga wake na mboga yake mpaka atoke. Kidawa, ambaye majaruba yake yanapakana na yale na alishayakwangua juzi, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Chumvi ikipigwa na mvua imekwenda. Unaanza upya kuingiza maji ya bahari na kungoja jua, na Nurdin hakuwepo tena wa kuanza upya.

Na mvua ilikuwa njiani. Redio ilisema tangu jana: vipindi vya mvua katika maeneo machache ya pwani ya Lindi. Machache! Neno hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Mwaka uliopita mtaalamu mmoja wa hali ya hewa alikuja kuzungumza na wavuna chumvi. Aliwaeleza kwamba kusi likija na ubaridi wake, likasafiri mwendo mrefu juu ya bahari yenye joto, hunyonya joto na mvuke wa maji yale, kama hewa ya asubuhi inavyofuka juu ya sufuria ya uji. Hewa ikishapata joto hupanda, mvuke hugeuka wingu, na mawingu hujipanga mstari mmoja mwembamba kuufuata upepo. Mstari huo ukifika nchi kavu na kukuta vilima, humwaga. Watabiri hupima joto la maji na joto la hewa ya juu. Tofauti ikiwa kubwa, wanajua siku ndiyo hiyo. Lakini mlango utakaopigwa ni wa nani, hilo ni gumu, maana upepo ukigeuka kidogo tu, mstari nao unahama.

Akaongeza kwamba ziko nchi za baridi ambako maziwa makubwa hufanya vivyo hivyo kwa theluji. Mtaa mmoja unafukiwa mpaka madirishani, mtaa wa pili watu wanaota jua. Akina mama walicheka, wakasema mtaalamu kazidisha chumvi. Kidawa hakucheka. Alishawahi kupoteza mavuno yake yote huku majaruba ya Nurdin, pale pale pembeni, hayajapata hata tone.

Simu ikatetemeka kwenye upindo wa khanga yake. Alikuwa Scholastica, rafiki yake wa Lindi mjini.

"Mwenzangu, huku imepiga nusu ya mji! Sokoni chapachapa, stendi pakavu kabisa. Na wingu linaelekea kwenu."

Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza kwenda makaburini. Kidawa alijisogeza kwa Bibi Maimuna, mama wa marehemu, akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi. Mvua inakuja, na chumvi ya mwanao iko wazi. Turuhusu tukaikwangue."

"Marahaba. Chumvi?" Kikongwe alimkodolea macho mekundu. "Mwanangu hajafukiwa, unaniletea habari za chumvi? Msiba kwanza!"

Wanawake wakaguna kumuunga mkono. Nani angethubutu kuinuka baada ya hapo? Kidawa alirudi mkekani, na upepo ukaanza kupandisha vumbi uani.

Ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni mtani. Ukoo wake na ukoo wa Nurdin zilitaniana tangu enzi za mababu, na mtani msibani hakatazwi. Humcheka maiti, huvaa nguo zake, huwatibua wafiwa mpaka wacheke, na hakuna wa kumkasirikia. Kidawa aliingia ndani, akachomoa koti la Nurdin msumarini, akalivaa, akajipachika kofia yake mpaka masikioni. Akatoka na reki begani, anachechemea vilevile alivyochechemea marehemu.

"Nyie wanawake!" alinguruma kwa sauti ya puani ya Nurdin. "Mmekaa kunilia tu, na chumvi yangu inayeyuka! Nikifika huko nikiulizwa niliacha nini, niseme niliacha matope?"

Kicheko kikalipuka. Hata Bibi Maimuna alificha mdomo kwa khanga na kutikisa mkono: nendeni, nendeni. Walioweza kutembea wote wakamfuata mbio.

Majarubani hakuna aliyecheka tena. Walikwangua kwa reki, kwa majembe, kwa sahani. Walibeba kwa ndoo, wakarundika kwenye mwinuko mkavu, wakafunika kwa maturubai. Wingu lilikuja jembamba na jeusi, na chini yake mvua ilionekana imening'inia. Kidawa mikono ilimchonyota. "Ya Rabi, kidogo tu," aliomba, "kidogo tu." Turubai la mwisho lilifungwa wingu likiwa karibu kufika.

Halafu upepo ukageuka. Wingu likapinda kuelekea kijijini, na majarubani halikudondoka hata tone.

Waliporudi, ua ulikuwa bwawa. Mikeka ilielea. Moto wa wali wa msiba ulikuwa umezimika, sufuria zimejaa maji ya mvua, na wanaume walikuwa wanaingia kutoka makaburini bila pa kukaa wala cha kula. Bibi Maimuna alitetemeka kwa baridi mlangoni, hana nguvu ya kubeba kitu. Salima ndiye aliyekuwa ametoka kwenye mvua kuburuta magodoro peke yake, mjane wa nusu siku, na nguo zake za eda zilichuruzika.

Kidawa alimfuata ndani. "Imepona," alisema akihema. "Chumvi yako yote, mtani wangu. Imepona."

Salima alikuwa anakamua upindo wa nguo yake. Hakuinua uso.

"Ilipoanza kupiga nilikuita," alisema. "Nilisahau kwamba umeondoka. Nikakuita, Kidawa, nikakuita."

Kidawa alivua kofia ya Nurdin. Alikaa sakafuni kando yake, kwenye maji.