Ndafu Iliyoingia kwa Kunyata

Harusi ya dada yangu, ukumbi wa parokia kule Kibosho, umeme ukakatika ndafu ikiwa mlangoni. Kinanda cha bendi kikazima. Dada akagoma: "Mbuzi wangu haingii bila muziki." Kwetu ndafu, mbuzi aliyechomwa mzimamzima, huingia huku watu wanacheza.

Pembeni kulikuwa na hapsikodi, kinanda cha nyuzi walichoacha mapadre wa kizungu. Mimi nilikuwa nakichezeachezea baada ya kwaya. Nikakaa, nikakishushia bongo fleva iliyokuwa inavuma redioni.

"Kaza mkono, hatusikii," shangazi akafoka.

"Shangazi, hiki kinadonoa nyuzi kama kuku. Hata ukikipiga ngumi sauti ni hiyohiyo. Nyamazeni nyie."

Wakanyamaza kweli. Ukumbi mzima ukavua viatu, ukacheza kwa kunyata, wapishi wanamleta mbuzi kama wamemwiba. Shangazi akapiga vigelegele vya kunong'ona. Mimi nacheka mpaka vidole vinateleza. Dada naye, kununa kote kukamwisha, akaingia katikati na shela lake, akakata mauno kimyakimya mpaka mbuzi akatua mezani.

Kisha akaninong'oneza, "Rudia." Akawageukia wapishi: "Nanyi mrudisheni mlangoni."