Mfupa wa Hadia

Bi Rahima wa Langoni alikuwa mshonaji wa kofia, na kazi yake ilijulikana hadi mtaa wa Mkomani. Alikuwa mwingi wa maneno, kicheko hakiko mbali naye. Hupiti kwake bila kuulizwa habari za kwenu. Alizaa mara nne, akabakiwa na Hadia tu.

Hadia alikuwa na miaka kama saba alipoanguka ngazini, akachubuka goti, akainuka akaendelea na mchezo. Siku chache baadaye akashikwa na homa. Paja likavimba, likawa gumu na la moto, hata shuka likimgusa analia. Rahima alidhani mguu umeteguka, akamwita bibi mmoja amkande. Maumivu yakazidi. Akabandika vitunguu vya kuchoma. Uvimbe haukutoa mdomo. Mtoto akaanza kuweweseka, akimwita babake.

Famau, babake, aliletewa habari shambani Mokowe. Alivuka kwa mashua siku ile ile, akaja nyumbani na Mzee Jeilani, aliyezoea kupasua majipu. Jeilani aliligusa paja kwa vidole viwili.

“Hili ni tambazi, Bi Rahima. Usaha uko ndani, karibu na mfupa. Usipopata ndia ya kutoka, utaingia damuni.”

“Na ukimkata akanifia mikononi?”

“Huenda. Lakini tukimwacha hivi, sioni atakavyopona.”

Rahima alimtazama mumewe. Famau aliinamisha kichwa kukubali. Basi Rahima akapanda kitandani, akampakata mwanawe, akamkumbatia kwa nguvu.

“Mshike miguu, Famau. Hadia, fumba mato, mamangu.”

Jeilani alipitisha kisu motoni, akapiga bismillahi, akapasua. Usaha ukabubujika, mzito kama tui. Hadia alipiga ukelele mmoja, kisha akalegea. Rahima akaweka sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa ukipiga. Kesho yake homa ilishuka, mtoto akaomba uji, na mama akaenda jikoni kulia peke yake.

Kidonda hakikuwa na haraka. Kila asubuhi Rahima alikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakifunika kwa kitambaa chenye asali. Kikifunga, kinafumuka tena. Miezi ikapita hivyo, mpaka siku moja akaona kitu cheupe kikichungulia. Akakivuta polepole, kikatoka kipande cha mfupa.

“Mama, huo ni wangu?”

“Ulikuwa wako.”

Hadia akaushika, akaugeuza, akacheka. Jeilani alipoonyeshwa alimshukuru Mungu.

“Huu ulikuwa umeshakufa, ndio uliokuwa ukikizuia kidonda. Sasa kitafunga.”

Kikafunga kweli. Hadia alibaki na kovu refu na kuchechemea kidogo, wala Rahima hakulijali hilo. Barazani, sindano mkononi, alipenda kumsikia akirudi kutoka chuoni kusoma Kurani, hatua moja nzito, moja nyepesi, akipaza sauti kabla hajaufikia mlango:

“Mama! Leo tunakula nini?”