Tata, Kumbikumbi na Kitambaa cha Meza

Sisi tuliokulia kule Birongo kabla simu hazijaanza kutabiri mvua, tulikuwa na Tata. Ndivyo tulivyomwita baba yetu, kama Wakisii wengi wanavyowaita baba zao. Kila boma lilikuwa na tata wake, lakini wetu alikuwa na shida moja: kukaa ndani ya nyumba kulimshinda kabisa.

Alinyolea ndevu nje, kioo kikiwa kimening'inia kwenye mparachichi. Alikula nje, akasoma Biblia nje, na hata alipopata homa alitandika mkeka kando ya majani chai akataka dawa aletewe huko. "Nyumba," alikuwa akisema, "ni ya viti na kuku anayelalia mayai." Mama alimjibu kwamba hata kuku ana akili ya kuingia ndani mvua ikinyesha.

Sisi watoto tulimpenda vibaya. Asubuhi alitupeleka kuchuma chai, umande ukitulowesha hadi kiunoni, na jioni tukashuka naye mtoni kutafuta mapera. Magoti yetu hayakukosa kidonda, na matumbo hayakukosa miwa. Watoto wa siku hizi wakiona siafu wanawapiga picha. Sisi tulikimbia, kwa sababu tulikuwa na akili.

Lakini kilichompagawisha Tata hasa ni kumbikumbi. Mvua za kwanza zikianza, alituketisha kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, akalaza ubao juu yake, akafunika matundu kwa blanketi. Sisi tukagonga ule ubao kwa vijiti, taratibu, bila kuacha, ili wadudu walio chini wadhani mvua inanyesha huku juu. Walidanganyika kila mara. Walitoka na mabawa yao mapya wakaangukia kishimo tulichochimba. Wengine tuliwala wakiwa hai, wengine tukawapeleka wakakaangwe na chumvi, waliwe na ugali wa wimbi. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika pembe ya blanketi. "Moraa hana maneno mengi," Tata alisema. "Kumbikumbi hawamwogopi."

Basi ikafika siku ya wakwe. Dada yangu Kemunto alikuwa amepata mchumba kutoka Nyamira, na wazee wa huko walikuwa wanakuja Jumapili kuona boma na kuzungumza. Baba wa yule kijana, Mzee Ondari, alijulikana kwa ukali. Ilisemekana aliwahi kuvunja posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu chai aliyopewa ilikuwa vuguvugu. Kemunto hakulala. Mama alipanga makochi, akatandika mezani kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe msimu mzima, akamvisha Tata koti, kisha akamketisha.

"Omogaka," alimwambia, neno letu la kumwita mzee kwa heshima, ingawa sauti yenyewe haikuwa na heshima sana, "kaa hapo. Hata ng'ombe akiingia kwenye mahindi, usitoke."

"Na nyumba ikishika moto?"

"Ungua hapo hapo, lakini koti lisichafuke."

Mama akaenda barabarani kuwalaki wageni. Tata alikaa. Alikuwa anatokwa na jasho kama mtu aliyefungiwa kwenye gunia. Halafu kumbikumbi mmoja akaingia kupitia dirishani, akatua kwenye goti lake. Tata alimtazama kama mtu aliyeletewa habari za kwao. Akanitazama mimi. Blanketi lilikuwa limefuliwa, bado linachuruzika maji kwenye kamba. Akatazama meza.

Wageni walipofika, wakafuata kelele hadi kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, na walichoona kwanza cha baba yetu kilikuwa makalio. Kichwa kilikuwa chini ya kitambaa cha meza. "Gongeni!" alikuwa akituhimiza. "Gongeni, wanakuja!"

Mama alijishika kichwa. Kemunto alichungulia kutoka jikoni, akaanza kulia bila sauti. Mzee Ondari alisimama na fimbo yake akatukodolea macho.

"Nyinyi," akasema hatimaye, "nani aliwafundisha kwamba mvua inanyesha hivyo?"

Tata akatoa kichwa, mabawa mawili yakiwa yamenata kwenye masharubu. "Hivyo vipi, mkwe?"

"Mnagonga kama watu wanaopigilia misumari. Leta kijiti."

Akapiga magoti na suti yake, akagonga.

"Hiyo ni mvua ya Nyamira," Tata akalalamika. "Kumbikumbi wa hapa hawaijui."

"Mvua ni mvua. Shika kitambaa chako vizuri."

Kumbikumbi walimwagika kama mtama kutoka kwenye debe. Kisha mawingu yakajikusanya, kama kawaida ya kwetu alasiri, na mvua ya kweli ikashuka, tena ya mawe. Sisi tulikimbilia ndani. Wale wazee wawili walijifunika kitambaa cha Mama wakaendelea kugonga, kila mmoja akidai kwamba mvua imeitikia kijiti chake. Mazungumzo ya ndoa yaliishia hapo hapo.

"Huyu binti anajua kukaanga hawa?"

"Anajua."

"Basi."

Kemunto akaacha kulia ili akakaange. Makochi hayakukaliwa na mtu. Mama alimnunia Tata wiki nzima, na kile kitambaa hakikurudi kuwa cheupe.

Tata hayupo tena. Siku tuliyomzika, Mzee Ondari alivipita viti vyote vya hema akaenda kukaa kwenye kichuguu, na hakuna aliyemwambia asogee.

Siku hizi watoto wa Kemunto wakija, wanauliza simu kama mvua itanyesha, na dirisha liko wazi mbele yao. Niliwapa vijiti vya Tata. Mmoja akavigeuzageuza, akaniuliza vinachajiwa wapi. Nilicheka hadi nikakohoa. Enzi zetu mvua tuliitengeneza wenyewe.

Mvua za kwanza za msimu uliopita zilipoanza, Mama aliniita tubebe kochi moja. Tulilitoa hadi nyuma ya nyumba, karibu na kichuguu. Akalitandikia kile kitambaa chenye madoa, akaketi.

"Ndani kuna joto," akasema, na ilikuwa baridi ya kugonganisha meno. Kisha akaninyooshea mkono nimpe kijiti.