Nilivyojifungia nje ya laptop kwa keyboard ya Kiarabu, bibi ana neno la kusema

Wakuu, habari za humu. Hili limenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Bibi yangu ni mkulima wa Kwamsisi, Handeni. Alifanyiwa upasuaji wa koo kwenye hospitali moja Korogwe, akaambiwa asitoe sauti kwanza.

Mkono wake hauna nguvu siku nyingi, kalamu haushiki. Na shule hakusoma. Anajua herufi za Kiarabu za madrasa, ndizo anazoandikia hata Kiswahili.

Nina laptop kuukuu ya Linux, natumia i3, window manager nyepesi (programu ya kupanga madirisha kwenye screen). Nikaweka layout ya Kiarabu, yaani mpangilio wa herufi za keyboard, nikatenga vitufe vya i3 vya kuhamia na kurudi kwenye Kiingereza. Herufi nikabandika kwa plasta juu ya keyboard.

Bibi akawa anadonoa kwa kidole kimoja, mimi namsomea nesi. (Siku ya kwanza alicheka kimya kimya hadi nikaogopa nyuzi zitaachia.)

Asubuhi moja nesi akaja na sindano.

"Shikamoo bibi."

Bibi hakuitikia hata kwa kichwa. Akaning'ang'ania mkono, macho yamemtoka. Nikafungua laptop. Screen imejilock.

Password, imekataa. Tena, imekataa.

Ndipo nikaelewa. Layout imebaki Kiarabu, password inaingia kwa herufi za Kiarabu, na screen ikiwa locked, i3 haisikii vile vitufe vyangu.

"Dada, wodi nzima inanisubiri," nesi akasema.

"Nakuomba nesi, kidogo tu. Kuna kitu anataka kusema."

Nikakumbuka Ctrl+Alt+F2. Inafungua screen nyeusi ya maandishi tu, yenye keyboard yake, ya Kiingereza. Nikaingia, nikaandika `pkill i3lock` kuizima ile programu iliyofunga screen, nikarudi. Imefunguka!

Bibi akadonoa polepole, nikamsomea nesi: sindano hii jana ilinibana pumzi.

Nesi akairudisha sindano kwenye trei, akaenda kumwita daktari. Dawa ikabadilishwa.

Nilichojifunza: msitegemee vitufe vya i3 kubadili layout. Tumieni `setxkbmap -layout us,ara -option grp:alt_shift_toggle`, Alt+Shift inafanya kazi hata screen ikiwa imefungwa. Na kama mgonjwa anaongea kupitia laptop, zimeni lock kabisa.

Bibi karudi nyumbani, anaongea, sauti bado ya mafua. Mimi kila nikiandika password moyo unanienda mbio.

Kuna mwenye locker, programu ya kufunga screen, inayoonyesha layout iliyopo? Nielekezeni wakuu.