Mtani aliyeteka ngoma yetu ya kulimia

Wakuu, salamu kwa rika zote. Naandika kwa kidole kimoja, lakini uongo sitawauzia.

Enzi za Mwingereza mama yangu aliuza karanga za kukaanga kwenye madirisha ya treni, stesheni ya Goweko. Siku moja treni iling'oka na ungo wake, abiria kaushikilia dirishani, anampungia mkono. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye kokoto.

Ungo ule uliishia wapi sijui. Labda Tura, stesheni za mbele huko.

Basi, karanga. Humu naona mnabishana uchumi unapanda, uchumi unashuka. Mimi shule niliishia kuandika jina langu, ila niliona uchumi wa kijiji kizima ukilala mkekani.

Tulilima kwa ngoma. Mpigaji mbele, majembe yote yanashuka kwa mdundo mmoja. Bila ngoma Mnyamwezi analima kama analimia mkwe asiyempenda.

Lakini ikifika palizi, tumbo. Maji tulichota dimbwini, tunagombania na ng'ombe. Nusu ya watu wanaharisha, majani yanameza karanga. Mwaka mmoja dada yangu Kabula alizika mtoto.

Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, dawa yake ilikuwa moja: "Mwakani ongezeni shamba!"

Tukaongeza. Magunia yakapungua.

Ndipo akaja Fundi Pazi, mchimba visima wa Tabora mjini. Mzaramo, babu zake walikuja na misafara, wakanogewa. Kwetu Mzaramo ni mtani. Atakutukana hata msibani, atachukua hata kitu chako, na ukikasirika aibu ni yako.

Akasema atatuchimbia kisima tukimpa watu. Mwanangwa akakataa.

"Mvua imeshapiga. Kisima baada ya mavuno."

"Utavuna nini, Mnyamwezi wewe? Nyasi?"

Asubuhi tunakwenda shamba, ngoma haipo. Tukamkuta Pazi ameikalia kando ya dimbwi.

"Huyu mateka wangu. Mkomboeni kwa kisima."

Mwanangwa akamsihi. "Mtani, mvua hii ikipita hatujapanda, watoto watakula nini?"

"Na mkipanda mkaugua, atapalilia nani? Nzi?"

Kabula akatua mtungi wake, akashika jembe.

"Mtani kaiteka kwa haki yake. Mimi nachimba."

Mwanangwa akamtazama, akashusha pumzi. "Mpigieni basi ngoma huyo mwizi."

Tukachimba kwa mdundo wa kulimia, Pazi mwenyewe shimoni, anatutukania babu zetu kutoka chini kule. Sijaona kazi tamu kama ile.

Tulichelewa kupanda, na shamba likawa dogo. Watu walinung'unika, na mimi nimo. Ila palizi ilipofika, wote tulikuwa wima. Karanga zilijaa ghala hadi mlangoni! Miaka iliyofuata zikaja nyumba za bati, watoto wakaenda shule ya misheni.

Ndiyo elimu yangu yote, wakuu. Shamba halikui kama mkulima kalala. Nchi nayo naona vivyo hivyo. Wasomi mnikosoe, na wenye mtani wa namna hii kwao wamtaje hapa.

Pazi? Siku ya mavuno tulimchinjia mbuzi, tukamwomba ahamie kwetu. Akanywa kata moja ya maji ya kisima, akajifuta mdomo.

"Maji matamu. Bahati mbaya wameyapata Wanyamwezi."

Akabeba sururu yake, akashika njia. Hakurudi tena.