Besi ya Valentino

Jenoveva alilileta gitaa la besi karakanani kwa Timotheo, seremala wa Mlola, likiwa limeviringishwa kwenye blanketi. Timotheo alilitambua kabla halijafunguliwa. Lilikuwa la marehemu mume wake, Valentino, mchuma chai aliyepiga besi katika bendi ya shamba, rafiki wa Timotheo wa kucheka naye kila Jumamosi kwa miaka kumi.

"Shemeji, limeota ukungu," Jenoveva alisema. "Na shingo inacheza kama ya kuku mgonjwa. Lisafishe tu, nilitundike."

"Niachie mimi."

Mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini, Valentino aliacha shamba akapewa kiwanja kule chini tambarare. Huko akaugua. Kila wiki Timotheo alisema atashuka Jumapili ijayo, na kila Jumapili palitokea jambo: kwaya, mgeni, mvua. Habari za msiba zilimkuta siku ya pili baada ya mazishi. Sasa, mwaka mmoja baadaye, alitaka mikono yake imlipie deni la miguu.

Alifanya kazi wiki tatu. Nyuzi mpya hazikupatikana Lushoto wala Tanga, akazisugua zilezile kwa mafuta ya taa mpaka kutu ikatoka. Shingo akaibandua, akaitia gundi, akaibana. Kisha akashika msasa. Katika karakana ya misheni alikojifunzia useremala, fundi mkuu alipitisha kiganja juu ya kila kitu kilicholetwa kutengenezwa, na akihisi alama yoyote ya matumizi ya zamani, kazi ilirudi mezani. Kwa hiyo Timotheo aliondoa kila alama. Juu kidogo ya nyuzi palikuwa na kishimo kilicholika hadi mbao nyeupe. Akakijaza unga wa mbao na gundi, akasugua, akapaka vanishi. Mwenyewe alipokitafuta hakukiona tena.

Jenoveva alipokuja alipiga kigelegele. "Mh, shemeji! Linang'aa kuliko bibi harusi!"

Halafu akalipakata, akapitisha kidole juu ya nyuzi, akarudia, akaligeuzia dirishani.

"Hapa palikuwa na kishimo."

"Nilikiziba."

"Ndipo alipoegemeza dole gumba, miaka yote ile." Sauti yake ilishuka. "Tangu tumzike nimekuwa nikiweka langu hapo, nikikaa."

"Nitakichonga tena, shemeji. Nakumbuka kilivyokuwa."

"Utakichonga kwa dole la nani?"

Jenoveva alishukuru kama mtu aliyelelewa vyema, akaliviringisha gitaa, akashika njia. Hakumletea kazi tena, hata mguu wa kigoda.

Timotheo alizeeka na desturi iliyowachekesha wateja. Ukimpelekea kitu kikuukuu, kwanza aliuliza ni wapi asiguse.

"Gusa kote, mzee, si kimevunjika!" walimwambia.

Yeye hakucheka. Alisubiri, msasa mkononi, mpaka mtu akitazame kitu chake vizuri.